Injini ni Bei, Kuifunga ni Gharama

Land Rover Series III, ambayo pikapu yake ya chasisi ndefu watu huiita one-o-nine, ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na ikakoma mwaka 1985. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani sasa imevuka umri wa miaka arobaini. Bado zipo. Zinabeba mahindi, maji, mbao na ndama katika sehemu ambazo gari la mkopo halipelekwi, na Arusha ilipoandaa tamasha la Land Rover mwaka 2024 magari hayo yalijitokeza kwa mamia. Bodi yake ya aluminiamu hailiwi na kutu kama bati la chuma, na chasisi yake fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuitia kiraka. Kinachochoka mapema ni injini. Ile ya petroli, yenye ujazo wa cc 2,286, ilitoa takriban nguvu za farasi 70 ilipokuwa mpya, na hunywa mafuta bila haya. Ile ya dizeli, yenye ujazo uleule, ilitoa kama 62, na mlimani hupitwa na lori lenye mzigo. Ndipo mwenye gari anapofikia wazo linalozunguka gereji zetu nyingi: kuing'oa na kufunga injini ya kisasa zaidi, kwa fedha kidogo.

Wazo si baya. Linalopotosha ni swali linalotangulia. Wengi huanza kwa kuuliza ni injini gani yenye nguvu wataipata kwa bei ndogo, na kuanzia hapo hesabu yote inapinda. Bei ya injini hulipwa mara moja na kusahaulika. Inayomaliza mfuko ni orodha ya vitu ambavyo injini hiyo italazimisha vibadilishwe ili iweze kukaa, kupoa na kuvuta, na ili gari liweze kusimama. Kwa mwenye bajeti finyu, basi, injini nafuu ni ile inayodai mabadiliko machache kuliko nyingine, hata kama dukani bei yake iko juu. Anayeikubali kanuni hii atafanya uchaguzi tofauti kabisa na yule anayesoma nguvu za farasi peke yake, na mara nyingi atafika barabarani wakati mwenzake bado anatafuta bolti.

Tuvitazame vitu vyenyewe. Injini inagusana na gari katika sehemu nyingi kuliko mnunuzi anavyodhani akiiona imelala sakafuni. Nyuma inaungana na giaboksi: matundu ya bolti yalingane, flaiwili iwe na kipenyo kinachoingia, na klachi pleti iwe na meno yanayokubali shafti ya giaboksi. Ubavuni inashikwa na maunti zilizochomelewa kwenye chasisi. Chini kuna sampu, na katika Land Rover ya zamani ekseli ya mbele hupanda na kushuka karibu nayo kila gurudumu linapoingia shimoni. Mbele, feni na rejeta vinagombania nafasi. Eksozi nayo inaweza kutokea upande ambako tayari kuna usukani. Kisha kuna mafuta: injini ya dizeli hurudisha tangini mafuta yaliyozidi, kwa hiyo gari lililokuwa la petroli litahitaji bomba la pili la kurudishia. Kuna breki zenye servo, ambayo kwenye petroli huendeshwa na mfyonzo wa hewa wa injini yenyewe. Dizeli haina mfyonzo wa kutosha, kwa hiyo inahitaji pampu ya pembeni, na katika injini nyingi za Kijapani pampu hiyo imekaa mgongoni mwa oltaneta, hivyo anayenunua injini bila oltaneta yake ameacha breki zake dukani. Kuna stata, ambayo katika baadhi ya magari ya dizeli ni ya volti 24 wakati gari linaloipokea ni la volti 12. Kuna geji za joto na oili, ambazo sensa zake zina thredi nyingine. Kila kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa, ndivyo vinavyoamua kama gari litatoka gereji au litaoteshwa majani uani.

Hapa ndipo undugu wa injini unapopata thamani kuliko nguvu zake. Land Rover ilianza kutumia bloku ya cc 2,286 kwa petroli mwaka 1958 na kuitolea toleo la dizeli mwaka 1961. Mwaka 1984 dizeli hiyo ikakuzwa hadi lita 2.5, mwaka 1986 ikatiwa turbo, na mwaka 1989 ikaja 200Tdi, dizeli ya lita 2.5 inayopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwanza kwenye Discovery na baadaye kwenye Defender. Katika miaka hiyo thelathini, mgongo wa bloku, pale linapofungwa kasha la flaiwili, haukubadilishwa mpangilio wake wa bolti. Matokeo ni kwamba 200Tdi ikivalishwa kasha la flaiwili la injini ya zamani huungana na giaboksi ya Series bila kuhitaji bamba la kuunganishia. Kiwanda kilikwishafanya nusu ya kazi. Mrithi wake, 300Tdi ya mwaka 1994, huvutia kwa kuwa ni changa zaidi, lakini mambo mengi ya ufungaji wake yalibadilishwa, na kwa Series hudai kazi kubwa kuliko iliyoitangulia. Hata ndani ya 200Tdi kuna tofauti ya kujua kabla ya kulipa: turbo ya ile iliyotoka kwenye Discovery imekaa chini, hugongana na chasisi ya Series na kulazimu ihamishwe, wakati ya Defender imekaa juu na huingia kwa amani. Watu wawili wanaweza kununua injini ya jina moja kwa bei moja, na mmoja akalipa kazi ya ziada kwa sababu tu ya mahali turbo ilipofungwa.

Kanuni hii haiishii kwa Land Rover. Mwenye Hilux ya dizeli ya miaka ya 1980 yenye injini ya 2L anaweza kupanda hadi 3L ya lita 2.8 au 5L ya lita 3.0 na akabaki ndani ya ukoo uleule. Anayeiacha familia hiyo na kurukia injini kubwa ya Land Cruiser anajipatia heshima mtaani pamoja na giaboksi nyingine, propela shafti nyingine na rejeta nyingine. Marekani, ambako kufufua pikapu kuukuu ni mchezo wa watu wengi, hali ni hiyohiyo. Pikapu za Chevrolet C10 za miaka ya 1960 na 1970 hufungwa injini za V8 za familia ya LS, iliyoanza na Corvette ya mwaka 1997 na kuingia kwenye pikapu za kampuni hiyo za mwaka 1999 katika ujazo wa lita 4.8 na 5.3. Injini hizo zina kompyuta, hivyo kwa mtazamo wa haraka zingepaswa kuwa taabu tupu. Lakini mpangilio wa bolti za nyuma umefuata karibu wote ule wa V8 ndogo ya Chevrolet ya mwaka 1955, zimetengenezwa kwa wingi mno kiasi cha kujaa katika viwanja vya magari yaliyovunjwa, na maunti, nyaya na kompyuta zilizopangwa upya huuzwa tayari. Unafuu wa LS kwa Mmarekani umetokana na undugu wa vyuma na wingi wa watu waliokwishaifunga kabla yake. Akiipeleka injini hiyohiyo mahali ambapo hakuna hata kimojawapo, unafuu wote unayeyuka.

Pingamizi la kwanza linakuja hapohapo. Tdi, mtu atasema, hazipatikani kila kona, lakini injini za Kijapani zimepangwa kama matofali Gerezani, Kariakoo, na katika maduka ya Grogan, Nairobi. Kwa nini asichukue Nissan TD27 ya lita 2.7 au Toyota 3L, injini ambazo kila fundi anazijua na spea zake zinauzwa hadi vijijini? Hoja hii ina uzito, na kwa wengi itakuwa jibu sahihi. Injini zote mbili ni dizeli za kawaida zisizo na kompyuta, na TD27 huendesha kamshafti yake kwa gia, hivyo haina mkanda wa taimingi wa kukatika safarini. Lakini hizi ni injini za ukoo mwingine, na ndoa yao na giaboksi ya Land Rover hufungwa kwa bamba la chuma lililochongwa kati ya injini na giaboksi. Bamba hilo ndilo moyo wa kazi. Mhimili wa krenki na mhimili wa shafti ya giaboksi lazima viwe mstari mmoja kabisa. Upotofu ambao jicho haliuoni unatosha kula beringi ya mbele ya giaboksi na kuchakaza klachi ndani ya muda mfupi. Bamba linalokatwa kwa moto na kukadiriwa kwa macho ni deni. Linalochongwa kwenye mashine ya kukereza na fundi aliyekwishalitengeneza kwa injini hiyo na giaboksi hiyo ni mali. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni kama anaweza kuonyesha gari lenye ndoa hiyohiyo linalotembea kwa mwaka wa pili au wa tatu sasa. Akiwa nalo, injini ya Kijapani imeshakuwa ndugu wa kupanga, na kanuni yetu inaikubali. Asipokuwa nalo, mteja ndiye anayelipia mafunzo.

Sasa tuje kwenye nguvu, mahali ambapo tamaa hugharimu zaidi. Dizeli ya zamani ya Series III ilitoa nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita kama 140. Ile ya 200Tdi ya Discovery hutoa 265, yaani karibu mara mbili, na hutoa hivyo injini ikiwa inazunguka mara 1,800 tu kwa dakika. Giaboksi ya gia nne iliyoundwa kwa ajili ya ile ya kwanza haikuambiwa kwamba siku moja itavuta ya pili. Dereva mpole anaweza kuishi nayo kwa miaka. Dereva anayeondoka na mzigo wa tani moja huku amekanyaga mafuta hadi mwisho atavunja meno ya gia, au shafti za magurudumu ya nyuma kwenye gari lenye ekseli nyepesi ya zamani. One-o-nine za Series III zina nafuu upande huu, kwa kuwa kiwanda kilizifungia ekseli nzito ya nyuma aina ya Salisbury. TD27 na 3L, zisizo na turbo, hubaki kwenye Newton-mita kati ya 175 na 190, nyongeza ambayo mlimani inaonekana na giaboksi inaivumilia. Kwa sababu hiyohiyo wako wanaofunga 200Tdi na kuiondoa turbo kwa makusudi: wanapoteza sehemu ya nguvu, wanabaki na injini inayobana mafuta, na wanaepuka gharama ya mabomba ya turbo, kipozea hewa chake na giaboksi mpya. Kwenye karatasi inaonekana kama uoga. Kwenye daftari la matumizi ni busara.

Nguvu pia haina maana bila uwiano wa gia. Katika Series III ya kawaida, gia ya nne ni moja kwa moja, kasha la kugawa nguvu linapunguza kwa 1.15, na difu inapunguza kwa 4.7. Zidisha, utapata kwamba injini huzunguka karibu mara 5.4 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa tairi za 7.50-16, ambazo mzingo wake ni kama mita 2.5, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaitaka injini izunguke kama mara 2,900 kwa dakika, na kilomita 100 unaitaka kama 3,600. Dizeli hizi hufikia nguvu yake ya juu kabisa karibu na 4,000. Maana yake ni kwamba hata ukifunga injini yenye farasi mia moja na zaidi, gari litakwenda kilomita 100 kwa kelele na kwa mafuta mengi, kwa kuwa kilichokuwa kinalizuia si injini peke yake. Dawa ipo: difu za 3.54 kutoka Range Rover au Discovery zinashusha mizunguko ya kilomita 100 hadi kama 2,700. Lakini lazima zifungwe mbele na nyuma kwa hesabu moja, la sivyo ekseli mbili zitavutana kila gari linapowekwa kwenye four-wheel, na kwa Salisbury kazi hiyo si ya kubadilishana tu kama kwenye ekseli nyepesi. Orodha imeongezeka tena. Anayeendesha kati ya shamba na soko kwa kilomita 70 hana sababu ya kugusa difu, na anayetaka safari ndefu aziingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Hapo breki zinadai nafasi yake mbele ya foleni. Nishati ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari lililozoea kilomita 70 likianza kwenda 100, kazi ya kulisimamisha inakuwa zaidi ya mara mbili, ilhali uzito na dramu za breki ni vilevile. Series III ina breki za dramu magurudumu yote manne. Zikiwa na laini mpya, silinda zisizovuja na dramu zilizochongwa sawa, zinafaa kwa mwendo wa kiasi. Zikiwa kama zilivyo kwenye magari mengi ya umri huo, hazikutosha hata kwa injini ya zamani. Atakayesema kwamba mwenye bajeti ndogo hawezi kugharimia breki na injini kwa pamoja ametoa sababu nzuri ya kuanza na breki na kuiahirisha injini. Upoaji nao uko hivyohivyo. Takriban theluthi ya nishati ya mafuta yanayoungua huishia kwenye maji ya rejeta, kwa hiyo injini inayounguza zaidi mlimani inahitaji rejeta inayoweza kutoa joto zaidi. Rejeta ya zamani iliyozibwa nusu na uchafu ilitosha kwa injini iliyochoka. Kwa injini mpya itaua silinda hedi katika kilima cha kwanza kirefu. Kusafisha au kubadilisha kiini cha rejeta ni gharama ndogo kuliko hedi moja iliyopinda.

Pingamizi la pili linatoka kwa vijana wa kizazi cha kompyuta. Kwa nini tung'ang'anie dizeli za mwaka 1990 wakati injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta zinatoa nguvu zaidi kwa mafuta machache, na magari yaliyogongwa yenye injini hizo yamejaa? Wana haki katika nusu ya hoja. Injini ya kisasa ikitolewa kwenye gari zima, pamoja na nyaya zake zote, kompyuta yake, ufunguo wake, pedali yake ya mafuta na sensa zake, inaweza kufungwa vizuri, na mafundi wa umeme wenye uwezo huo wanaongezeka mijini. Lakini hebu tuipime kwa kanuni yetu. Dizeli yenye pampu ya kawaida inahitaji waya mmoja wa kufungua na kuzima mafuta, nyaya za stata, chaji na hita plagi, basi. Injini ya kompyuta inahitaji kila sensa iseme ukweli, na ikikosa ishara ya kufuli la ufunguo haiwaki kabisa. Pampu na nozeli za dizeli za kisasa zinafanya kazi kwa mgandamizo unaozidi mara elfu moja ule wa hewa tunayovuta, kwa hiyo haziwezi kuvumilia maji na mchanga wa mafuta yaliyonunuliwa kwenye madumu. Katika gari jipya vitu hivi vimelindwa na waundaji wake. Katika pikapu ya mwaka 1975, yenye tangi la chuma lililoota kutu ndani na nyaya zilizoungwa kwa tepu, vinatupwa katika mazingira mabaya kuliko yote. Anayefanya kazi ndani ya mji wenye fundi wa umeme anaweza kuijaribu. Anayepeleka gari mahali ambapo fundi wa karibu yuko mwendo wa siku moja anajenga nyumba ya kioo.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, na linastahili hesabu: kwa nini injini ibadilishwe hata kidogo? Ovaholi ya injini iliyopo, kwa kuchonga silinda, kusaga krenki na kuweka pistoni na beringi mpya, haidai bamba, maunti, rejeta wala ruhusa. Kwa kipimo cha mabadiliko machache, ovaholi inashinda injini zote. Jibu liko kwenye kilomita. Tuseme one-o-nine ya petroli inakwenda kilomita 6 kwa lita moja, na ikifungwa dizeli ya kisasa zaidi itakwenda 9. Kwa kilomita 1,000 kwa mwezi, ya kwanza inakunywa lita 167 na ya pili 111, yaani inaokoa lita 56. Bei za mafuta hubadilika kila mara, kwa hiyo ni afadhali gharama yenyewe ihesabiwe kwa lita. Ikiwa kazi nzima ya kubadilisha, ukiondoa ambacho ungelipa kwa ovaholi, inagharimu sawa na lita 2,000, itajilipa baada ya karibu miaka mitatu. Kwa anayetembea kilomita 300 kwa mwezi, itajilipa baada ya miaka kumi, kabla ya kuhesabu matengenezo yoyote. Mtu huyo wa pili afanye ovaholi na alale usingizi. Hesabu inageuka pale bloku ilipopasuka, pale krenki ilipokwishasagwa hadi kipimo cha mwisho, au pale gari lina dizeli ya zamani ya kabla ya mwaka 1980, ambayo krenki yake ilishikwa na beringi kuu tatu tu na ilijulikana kwa kukatika, kabla kiwanda hakijaongeza ziwe tano. Kuzika fedha katika krenki ya aina hiyo ni kununua wasiwasi uleule kwa mara ya pili.

Wako pia wanaopinga kwa ajili ya urithi. Land Rover ya zamani iliyobaki na injini yake ya asili, wanasema, inapata thamani kila mwaka, na anayeikata anaharibu kitu ambacho hakitatengenezwa tena. Kwa gari lililo kamili, lenye namba zinazolingana na kadi, hoja hii ni ya kweli hata kifedha. Lakini pikapu nyingi zinazojadiliwa hapa zimeshabadilishwa mara kadhaa, na njia mbadala yao ni kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Zaidi ya hapo, kanuni ya mabadiliko machache inawajibu wanaoheshimu urithi vizuri kuliko kanuni ya nguvu. Injini ya ukoo mmoja, iliyofungwa kwa maunti za bolti bila kukata chasisi, huku ile ya zamani ikipakwa oili na kuhifadhiwa, ni kazi inayoweza kurudishwa nyuma na mmiliki wa baadaye. Anayekata ukuta wa mbele wa bodi ili V8 iingie ameshaamua kwa niaba ya wote watakaofuata.

Suala la kisheria ni fupi, ila linapuuzwa. Tanzania, kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya chasisi na namba ya injini. Kenya, mabadiliko ya namna hii yanapelekwa NTSA, na gari hukaguliwa. Injini ikibadilishwa bila kumbukumbu kubadilishwa, gari linakuwa na namba isiyolingana na karatasi, na mwenye gari analijua hilo siku ya kuuza, siku ya ukaguzi au siku ya ajali, wakati kampuni ya bima inatafuta sababu ya kutolipa. Risiti ya injini yenye namba yake na jina la muuzaji iwe sehemu ya bei. Injini isiyo na karatasi, hata ikiwa nusu ya bei, inaweza kuwa imeibwa, na punguzo lake halitoshi kununua wakili.

Ukiyapanga yote haya, mpangilio wa kutumia fedha unajitokeza wenyewe. Kwanza chasisi: kama imeoza kwenye mikono ya springi, hakuna injini inayostahili kufungwa juu yake. Pili breki na usukani. Tatu rejeta, tangi na mabomba ya mafuta, pamoja na chujio lenye kikombe cha kutenga maji. Injini inakuja ya nne, na inunuliwe ikiwa inawaka, tena asubuhi ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyokwishapashwa moto kabla mteja hajafika huficha mengi. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma: moshi mwingi unaotoka kwa kishindo unaonyesha ringi zilizokwisha. Tazama maji kama yana mafuta, na oili kama ina rangi ya maziwa. Nunua pamoja na stata, oltaneta, pampu ya dizeli, maunti, flaiwili, klachi na eksozi manifoldi. Ikiwezekana nunua gari zima lililogongwa, utoe unachohitaji na uuze kilichobaki, maana bolti moja ya kipekee inayokosekana inaweza kuchelewesha kazi kuliko pistoni. Mkanda wa taimingi, sili za mafuta, pampu ya maji na klachi pleti vibadilishwe injini ikiwa bado iko chini, wakati kazi hiyo ni ya saa chache. Na sehemu ya fedha ibaki mfukoni bila kupangiwa matumizi, kwa sababu hakuna kazi ya namna hii isiyofichua jambo baada ya boneti kufungwa.

Kwa hiyo ushauri kwa mwenye one-o-nine ya kazi unategemea mahali inapofanya kazi. Inayotembea kidogo karibu na nyumbani, ikiwa bloku yake ni nzima, ifanyiwe ovaholi. Inayotembea mbali katika eneo ambako spea za Land Rover zipo, itafute 200Tdi ya Defender, na mwenye giaboksi asiyoiamini aiondoe turbo. Inayofanya kazi mbali na spea hizo ipewe TD27 au 3L kwa mkono wa fundi aliyekwishafanya kazi hiyo na mwenye gari la kuonyesha. Injini ya kompyuta ije mwisho, kwa mwenye gari zima la kuichomoa na fundi wa umeme jirani. Katika kila hali, kabla ya kutoa kishika uchumba kwa muuzaji, orodha ya kila kitu kitakachoguswa iandikwe na kila kipengele kiwekewe bei. Jumla ikizidi uwezo, punguza nguvu za injini kwanza, na usiguse fedha ya breki.